Miwa ya ng'ombe: kabla hujanunua dawa ya saileji

Ndugu mfugaji, tangu kiangazi kianze swali ninaloulizwa zaidi, hapa Busale na hata kule chini kuelekea ziwani, ni hili: "Afisa, kwenye saileji ya miwa niweke dawa gani?" Mmoja amesikia urea, mwingine chokaa, mwingine kaambiwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Na wenye maduka nao wananiuliza walete ipi.

Nitazungumzia moja baada ya nyingine. Lakini msimamo wangu nautoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Wengi wenu hamhitaji saileji ya miwa hata kidogo. Muwa uliosimama shambani hauozi wala haukauki kama majani. Unaukata leo, unaulisha leo. Wachache wenye sababu ya kweli ya kuuvundika waweke urea, kwa kipimo nitakachoeleza, na kemikali nyingine zote waachane nazo.

Kwa nini nasema hivyo? Angalia mabingobingo au gwatemala. Ukichelewa kuyakata yanakomaa, yanakuwa magumu, na ng'ombe anabakiza mashina horini. Ndiyo maana tunawahimiza muyakate yakiwa machanga na kuyavundika ya ziada. Muwa unakwenda kinyume. Kadiri unavyokomaa ndivyo unavyojaza sukari, na ile sukari inafidia ugumu wa nyuzi. Muwa wa mwaka mmoja na zaidi ukiukata Septemba, wakati majani mengine yamekauka, ndipo una chakula kingi kuliko mwezi mwingine wowote. Sasa kitu kinachojihifadhi chenyewe, kwa nini ukikate chote kwa siku moja, ulipe vibarua, ununue nailoni, ununue dawa, ili ukihifadhi tena?

Watu wa Brazili, ambao hakuna nchi duniani inayolima miwa mingi kuwashinda, wamewalisha ng'ombe wao wa maziwa hivyo kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wao wamekuwa wakiwafundisha wafugaji wadogo jambo moja rahisi: kata muwa wa siku hiyo, ukatekate, nyunyizia urea kidogo, lisha. Urea inahitajika hata kwenye muwa mbichi kwa sababu muwa una sukari nyingi lakini protini karibu hauna. Ukiondoa maji yote, protini yake haifiki hata asilimia 4, wakati vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinahitaji angalau asilimia 7 ndipo vifanye kazi yao ya kusaga nyuzi. Ng'ombe wa miwa mitupu anashiba, anakaa, na anakonda. Mnawajua ng'ombe wa namna hiyo.

Kipimo cha muwa mbichi ni hiki. Kwa kila kilo 100 za miwa iliyokatwakatwa, weka kilo 1 ya mbolea ya nitrojeni: gramu 900 za urea na gramu 100 za SA. Hiyo SA tunaiweka kwa ajili ya salfa, maana vijidudu vya tumboni haviwezi kutengeneza protini kamili bila salfa. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hivi mpe kilo 10 za mchanganyiko huo kwa siku, asubuhi nusu na jioni nusu, na sehemu nyingine ya chakula iwe majani au mabua ya mpunga. Maana yake anapata gramu 100 tu za mbolea kwa siku. Usipime kwa kijiko wala kwa kiganja. Nenda dukani mara moja na kikombe chako, wapime gramu 100 kwenye mizani, utie alama ya msumari mahali zilipofikia. Kikombe hicho kisifanye kazi nyingine tena, na kisirudi jikoni.

Kabla ya kuendelea, neno kwa wanaolima miwa ya kutafuna na kuipeleka sokoni au kuiuza barabarani. Mkoa wetu hauna kiwanda kikubwa cha sukari kama Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC ya Moshi, kwa hiyo bei ya muwa wako ni ile anayolipa mtafunaji. Muwa unaouzika usimpe ng'ombe. Mpe kilele. Mkivuna mnakata vilele na kuviacha vinakauka pembeni ya shamba au mnavichoma moto, na mimi kila nikipita roho inaniuma. Kilele kina majani mabichi, kina protini kuliko shina, na kwa kuwa sukari yake ni ndogo kinavundikwa vizuri bila dawa yoyote. Kwa mtu wa namna hiyo mjadala wa kemikali umeishia hapa.

Nani basi anahitaji saileji ya miwa?

Niwe mkweli, wapo. Sisi si Dodoma. Kule njaa ya mifugo ni ya kiangazi tu. Kwetu kiangazi kina nafuu yake, kwa sababu mpunga ukishavunwa ng'ombe wanaingia kwenye mabua. Panapobana ni pale mpunga unapokuwa shambani: mabonde yamefungwa, ng'ombe akionekana kwenye jaruba la mtu ni kesi kwa mwenyekiti, na mvua za Machi na Aprili zinageuza njia kuwa matope. Wakati huo kwenda kukata miwa kila siku ni adhabu, na muwa wenyewe sukari imepungua. Mtu mwenye ng'ombe watatu wanne wa maziwa, mwenye miwa ya kutosha, akikata Septemba au Oktoba ikiwa mitamu na kuivundika kwa ajili ya Februari hadi Aprili, huyo namwelewa. Namwelewa pia aliyeunguliwa na shamba, kwa sababu muwa ulioungua unaharibika ndani ya siku chache. Na anayetaka kulirudisha shamba kwenye zao lingine, hawezi kuacha miwa imesimama.

Ila wanaovundika kwa sababu jirani kavundika, hao nawaomba wapumzike.

Kinachotokea ndani ya pipa

Anayejua pombe atanielewa haraka. Jusi ya miwa ukiilaza usiku mmoja inatoa povu. Siku ya pili au ya tatu inalewesha. Huko kaskazini wana dengelua, Wakikuyu wana muratina, na watengenezaji wa zamani hawakununua hamira dukani, kwa sababu hamira ya asili inakaa kwenye ganda la muwa tangu shambani.

Pipa la saileji likishafungwa na hewa kuisha, makundi mawili ya vijidudu yanagombania sukari. Kundi la kwanza ni bakteria wa aina ile inayogandisha maziwa. Hawa wanageuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo inayohifadhi chakula. Kundi la pili ni hamira. Ukivundika mahindi, bakteria wanatosha, unapata saileji nzuri bila kuongeza kitu. Kwenye miwa mambo ni tofauti. Karibu nusu ya uzito mkavu wa muwa ni sukari, na hamira haiogopi asidi. Bakteria wakishamaliza kazi yao, hamira inaendelea kula.

Sasa hesabu. Kila kilo 100 za sukari zinazogeuka pombe, karibu kilo 49 zinaondoka kama gesi. Hiyo ni kanuni ya kemia. Busale ni hivyo na Brazili ni hivyo. Kilo 51 zinazobaki ni pombe, na sehemu yake inapeperuka unapofungua pipa. Ndiyo harufu ile ya gongo inayowafanya majirani wacheke. Watafiti wa Brazili wamepima saileji za miwa zisizowekwa kitu na kukuta upotevu unaokaribia theluthi moja ya chakula kikavu. Na kinachopotea ni sukari, yaani kile ulicholimia. Nyuzi hazipotei. Kwa maneno mengine umempikia hamira, na ng'ombe umemwachia makapi.

Kwa hiyo asiweze mtu kukwambia kwamba saileji ya miwa bila kuweka kitu "itakuwa tu sawa". Haiwi sawa. Kama huna cha kuweka, acha miwa isimame.

Dawa zenyewe

Urea inafanya kazi mbili kwa pamoja, ndiyo maana naitetea. Ndani ya pipa inageuka amonia, na amonia inaisumbua hamira na ukungu, hivyo pombe inapungua. Halafu nitrojeni yake inakuwa chakula cha vijidudu vya tumboni. Urea yetu ya dukani ina nitrojeni asilimia 46. Ukiweka kilo 1 kwenye kilo 100 za miwa, ambazo ukizikausha zinabaki kama kilo 30, unaongeza kiasi kinacholingana na protini ya asilimia 9 hivi. Muwa uliokuwa na asilimia 3 unafika 12. Kiasi fulani kitapotea kama amonia, lakini bado umeuvusha ile asilimia 7. Usiipe sifa isiyo yake, hata hivyo. Pombe haiishi kabisa, na bado ng'ombe anayekamuliwa anahitaji protini ya kweli: pumba nzuri, mashudu ya alizeti, majani ya lusina au gliricidia. Majani hayo ya mikunde unaweza hata kuyachanganya na miwa wakati wa kuvundika.

Chokaa. Ile ambayo haijazimwa kwa maji, ikiwekwa kilo 1 kwa kilo 100, inapunguza pombe na kulainisha nyuzi. Brazili wameitumia sana. Kwa kuwa chokaa inachomwa hapa hapa mkoani, upande wa Songwe, naelewa kwa nini imewavutia wengi. Lakini haiongezi protini hata chembe, kwa hiyo urea utaihitaji tu baadaye wakati wa kulisha. Vumbi lake linaunguza macho na mapafu, ikiguswa na maji inachemka, na chokaa ya kupaka nyumba hakuna anayekuhakikishia ndani yake kuna nini kingine. Siishauri.

Kostiki soda ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika kulainisha nyuzi, na ndiyo ninayoikataa kwa sauti kubwa. Inaunguza ngozi, tone moja jichoni linaweza kukupofusha, ng'ombe wanaoilishwa wanakunywa maji mengi na kukojoa mno, na sodiamu yote ile inaishia kwenye udongo unakotupa mbolea ya zizi. Anayejua kuishika kwa ajili ya sabuni ya mawese aendelee na sabuni yake.

Sodiamu benzoeti, ile inayozuia jusi za viwandani zisichache, inafanya kazi kweli, lakini haina faida nyingine kwa ng'ombe na kuipata hapa kwa bei ya maana ni ndoto. Fomalini ni ya maiti na maabara; iacheni huko. Chumvi inasaidia kidogo tu.

Vile vipakiti vya bakteria vinavyouzwa kwa ajili ya saileji ya mahindi vinahitaji tahadhari. Bakteria wengi wa kwenye vipakiti hivyo wanatengeneza asidi ya maziwa peke yake, na hamira, kama nilivyosema, haiogopi asidi hiyo. Kwenye miwa unaweza kutumia kipakiti cha namna hiyo na pombe isipungue kitu. Ipo aina nyingine inayofaa miwa, lakini inatakiwa itunzwe kwenye baridi kutoka kiwandani hadi kwako. Nani atakuhakikishia hilo kwenye basi la kutoka Dar es Salaam?

Je, urea inalipa?

Ng'ombe mmoja anayekula kilo 10 kwa siku kwa siku 100 atamaliza tani moja ya miwa. Tani moja inataka kilo 10 za urea, yaani sehemu ya tano ya mfuko wa kilo 50. Mfuko mmoja, ng'ombe watano, msimu mzima. Chukua bei ya mfuko uliyonunulia wewe, gawanya kwa tano, halafu linganisha na thamani ya robo tani ya miwa au zaidi ambayo ungeipoteza bila urea, pamoja na maziwa ambayo hayatatoka. Kwa ng'ombe chotara anayetoa lita sita saba, jibu ni rahisi. Kwa ng'ombe wa kienyeji anayetoa lita moja na nusu na ndama anainyonya, usihangaike na saileji. Mpe muwa mbichi wenye urea kidogo, au mabua ya mpunga na majani ya mikunde, inatosha.

Na hili nalisema najua halitawafurahisha wote. Mbolea ya ruzuku uliyojiandikishia kwa ajili ya mpunga iende kwenye mpunga. Mfuko mmoja ni wa kukuzia kama ekari nzima, na chakula cha nyumbani kwako kinaanzia hapo. Urea ya ng'ombe inunue pembeni, kwa kilo unazohitaji.

Jinsi ya kuvundika

Tumia pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko, au viroba vyenye nailoni nzito ndani. Shimo silipendi kwa ardhi yetu. Mvua zikikolea maji yanaingia kutoka chini hata kama juu umefunika vizuri. Pipa lisiwe limewahi kubeba viuatilifu, hata kama umelioshwa na mtu unayemwamini.

Kata miwa siku ile ile ya kuvundika, toa majani makavu, katakata vipande vifupi vya sentimita moja hivi kwa mashine. Kwa panga hutapata vipande vya ukubwa huo, na vipande virefu havishindiliki, hewa inabaki katikati. Pipa likishindiliwa vizuri linachukua kilo 100 au zaidi kidogo. Pima kilo 100. Yeyusha urea kilo 1 kwenye lita 3 za maji. Gawa miwa mafungu kumi na maji ya urea mafungu kumi. Weka fungu la miwa, mwagia fungu lake la maji kwa keni, changanya kwa mikono yenye glovu, shindilia kwa miguu au kwa gogo, kisha fungu linalofuata. Usitumie bomba la kupulizia dawa za kakao wala mpunga. Usimwage maji yote ya urea juu kwa mara moja, maana yatatuama chini na ng'ombe atakayelishwa mwishoni mwa pipa ndiye atakayekufa.

Funga siku hiyo hiyo, weka kivulini, usifungue kabla ya siku 45. Ukifungua, toa ya siku hiyo, funga tena. Iliyotoka iache ipate hewa nusu saa ili ukali wa amonia upungue. Yenye ukungu tupa mbali na mifugo. Na saileji hii isiongezwe urea tena horini, maana imeshapata yake.

Urea inaua

Nimeliweka hili karibu na mwisho kwa makusudi, ili liwe la karibuni kichwani mwako.

Ng'ombe asiyezoea akipewa nyingi kwa mara moja, amonia inaingia kwenye damu haraka kuliko ini linavyoweza kuisafisha. Ndani ya nusu saa au saa moja utamwona anatetemeka, anasaga meno, anatoa povu, tumbo linajaa, anayumba, anaanguka. Mara nyingi afisa mifugo anafika amekwisha kufa. Kinachosaidia ni maji baridi mengi pamoja na siki, lita kadhaa kwa ng'ombe mkubwa, yakipitishwa kwa mpira hadi tumboni. Kumnywesha kwa chupa ng'ombe anayetetemeka ni rahisi kuyapeleka mapafuni, kwa hiyo piga simu kwanza, na siki iwe imeshanunuliwa kabla ya siku ya kwanza ya kulisha.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Wiki ya kwanza mpe kilo 3 kwa siku, ya pili kilo 6, ya tatu kilo 10. Asipewe akiwa na njaa kali, atangulizwe majani. Akikosa kwa siku tatu nne, kwa sababu umesafiri au pipa limeisha, anza tena kidogo kidogo, kwa sababu mazoea yake yamekwisha. Mbuzi mkubwa asizidi kilo 1. Ndama walio chini ya miezi sita wasiguse. Nguruwe, kuku na punda wasipewe kabisa. Nguruwe anafurahia muwa mtupu, na inatosha.

Na hori liwe chini ya paa, na chini yake litobolewe. Mvua ya Kyela ikijaza hori lenye mabaki ya urea, urea inayeyuka kwenye yale maji, ng'ombe mwenye kiu anakunywa yote kwa pumzi mbili. Kwa wilaya yenye mvua kama yetu, hii ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko kukosea kipimo.

Kwa wenye maduka

Urea iliyofungwa kwenye mfuko mweupe wa kilo moja, bila maandishi, inafanana na chumvi ya mawe. Mtoto akitumwa chumvi ya ng'ombe na akarudi na urea, au mama akaiweka rafu moja na chumvi ya jikoni, mnajua kitakachofuata. Mnaofungua mfuko wa kilo 50 na kuuza kwa kilo, itengeni rafu yake mbali na chumvi na sukari, iwe na kichota chake, na kila kifurushi kiandikwe UREA kwa kalamu isiyofutika. Mifuko mitupu ya urea msiwauzie watu wa pumba kabla haijaoshwa na kukauka.

Kuna vijana wawili watatu wanaofikiria kuuza saileji ya miwa kwenye viroba, na wazo si baya; Februari wateja watakuwepo. Lakini mteja asiyejua kilichomo atampa nguruwe, atampa ndama, au ataongeza urea yake juu ya ile mliyoweka. Kwa hiyo kila kiroba kishonewe karatasi iliyowekwa ndani ya nailoni, yenye tarehe ya kufungwa na maneno haya: "Ina urea. Ng'ombe na mbuzi wakubwa tu. Anza kidogo. Usiongeze urea nyingine." Mteja asiyejua kusoma asomewe pale pale kabla ya kulipa. Atakayeona hilo ni usumbufu, auze vilele.